Picha za radi Unguja: yasemwayo na ukweli wake

“Mvua bado haijafika, hakuna hatari.”

Hii ndiyo dhana mbaya kuliko zote, na wapiga picha ndio huishika zaidi, maana umeme hupendeza kabla mvua haijauziba. Radi huweza kupiga zaidi ya kilomita 10 kutoka mvua inaponyesha. Ukiisikia ngurumo, basi umo mahali radi inapoweza kukufika. Watu huhesabu sekunde baina ya umeme na ngurumo, kila sekunde 3 ni kama kilomita moja, na hesabu ni sahihi. Lakini yahusu radi iliyokwisha kupiga, si ijayo. Ingia ndani, usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

“Umeme wa kimya ni wa joto tu.”

Usiku pale Forodhani, upande wa Bara huwaka bila sauti. Hiyo ni radi kama nyingine, ila iko mbali: ngurumo ni nadra kusikika kupita kilomita 20 hivi, na bahari baina ya Unguja na Bara ni pana kuliko hivyo. Kwangu mimi, huo ndio umeme wa kupiga picha. Wingu zima unaliona, kitako hadi kilele. Ngurumo ya kwanza ikisikika, kunja vitu uondoke.

“Lazima uwe na kidole chepesi.”

Umeme huisha kabla kidole hakijabonyeza. Iache kamera wazi sekunde 10 hadi 20 juu ya stendi, tundu la lenzi f/8, wepesi wa kupokea mwanga ISO 100, ukali wa lenzi umeurekebisha kwa mkono kwenye taa za mbali, radi ijichore yenyewe. Ukiiweka ijipige mfululizo, huna haja hata ya kukaa nayo. Mwenye simu arekodi video, achomoe picha baadaye. Simu isiwe kwenye chaji.

“Stendi ya chuma na simu huvuta radi.”

Chuma hupitisha umeme, hakiuiti. Radi huangalia zaidi kirefu kilichosimama peke yake, na kule Paje maji yakikupwa, mpiga picha aliyetoka mbali kwenye mchanga ndiye mnazi wa pale. Kuchuchumaa hakumwokoi. Aliye ndani ya ngalawa, hivyo hivyo.

Kandambili za mpira, kufunika vioo, kuvua nguo nyekundu: hakuna hata kimoja kinachokinga.

“Banda la makuti latosha.”

Halitoshi, wala baraza, wala chini ya mnazi, wala juu ya paa Mji Mkongwe, hata mandhari yakivutia vipi. Kaa ndani ya nyumba imara, au gari lenye bodi ya chuma na vioo vilivyofungwa. Kinachokinga ni bodi, si matairi. Bajaji na daladala za mbao zilizo wazi ubavuni hazimo. Ukipiga picha kutoka ndani ya nyumba, zima taa, sogeza lenzi karibu na kioo cha dirisha, usishike nondo zake.

“Aliyepigwa na radi asiguswe.”

Mwili wake haubaki na umeme. Ikiwa mahali bado ni hatari, msogezeni ndani upesi. Ikiwa hapumui, mmoja aite msaada, mwingine abonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha. Wakipigwa wengi, anzeni na aliyenyamaza, anayelia anapumua.