Kubadilisha filta ya dizeli kwenye trekta dogo: uchafu na upepo ndivyo vya kuogopa

Trekta dogo likiwa limesimama linanguruma vizuri, lakini likipewa jembe au tela linakosa nguvu na kuanza kufa, kagua filta ya dizeli kabla hujagusa kitu kingine. Injini ikiwa kwenye silensa (ikinguruma bila mzigo) hutumia dizeli kidogo, na hata filta iliyoziba nusu huweza kuipitisha. Mzigo ukija, mahitaji hupanda mara kadhaa na filta hushindwa. Dalili nyingine ni mzunguko wa injini kupanda na kushuka wenyewe, au kuwaka kwa shida asubuhi. Ukiona kukosa nguvu kunaambatana na moshi mweusi mzito, angalia filta ya hewa kwanza, kwa sababu hapo dizeli inafika lakini hewa ya kuichoma haitoshi.

Wengi huiona filta kama kifaa kidogo cha kubadilishwa siku ikiziba. Thamani yake inaonekana ukifungua pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwa presha kwenda kwenye nozeli. Plunja (chuma kinachosukuma dizeli ndani ya pampu) na silinda yake zimeachana kwa mikroni chache tu (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati unywele wa binadamu una unene wa takriban mikroni 70. Dizeli hiyohiyo inayochomwa ndiyo inayolainisha pampu. Punje ya vumbi usiyoiona kwa macho hukwaruza chuma, na maji hayalainishi kabisa. Huleta kutu kwenye plunja na kuharibu ncha za nozeli. Ndiyo maana tunasisitiza usafi wakati wa kubadilisha kuliko kasi. Filta mpya iliyofungwa kwa mikono michafu inaweza kuharibu pampu mapema kuliko filta kuukuu iliyoachwa mahali pake.

Kipindi cha kubadilisha kimeandikwa kwenye kitabu cha trekta, na hicho ndicho cha kufuata. Kwa matrekta ya ukubwa huu mara nyingi ni kati ya saa 200 na 500 za kazi. Trekta linalofanya kazi kidogo libadilishiwe filta angalau mara moja kwa mwaka. Kumwaga maji kwenye bakuli la filta hakusubiri saa hizo. Angalia kila unapokagua oili.

Kabla ya kufungua

Nunua filta kwa namba iliyo kwenye kitabu, si kwa kulinganisha umbo. Filta mbili zinaweza kuwa na uzi mmoja na urefu mmoja, lakini moja ikachuja mikroni 5 na nyingine 20. Iliyo wazi mno hupitisha uchafu, na yenye matundu madogo kuliko ilivyopangwa huinyima injini dizeli. Nunua na oringi mpya (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) pamoja nayo. Andaa beseni la lita moja au mbili, brashi, glavu, kitambaa kisichoacha nyuzi, dizeli safi kidogo na spana za skrubu za kutolea upepo (hewa iliyoingia kwenye njia ya dizeli), ambazo mara nyingi ni namba 10 au 12.

Egesha trekta mahali tambarare, vuta breki, teremsha zana zote chini, zima na utoe ufunguo. Subiri injini ipoe. Dizeli haishiki moto kirahisi kama petroli, lakini ikidondokea bomba la moshi lililo moto huweza kuwaka. Filta ikiwa juu ya stata au altaneta, chomoa waya hasi wa betri na ufunike vifaa hivyo kwa plastiki.

Sasa safisha. Piga brashi kichwa cha filta, nati na mabomba yote ya karibu, kisha pangusa kwa kitambaa chenye dizeli mpaka usione vumbi. Hapa usiharakishe. Kila kilichoganda juu ya filta kitadondokea ndani mara tu utakapofungua.

Kufungua na kufunga

Funga koki ya dizeli. Kama trekta halina koki na tenki liko juu ya filta, bana mpira wa mafuta kwa kibanio laini kisichoukata. Kwa filta yenye bakuli la kioo au plastiki, shika bakuli kwa mkono mmoja huku ukilegeza pete ya kulifunga kwa mwingine, kisha lishushe wima bila kuliinamisha. Ndani mnaweza kuwa na springi na pete nyekundu inayoelea juu ya maji. Angalia zilivyokaa kabla ya kuzitoa. Filta ya ndani huvutwa chini kwa mkono. Ile ya kopo la bati hulegezwa kwa spana ya filta.

Usimwage kilichomo kwenye bakuli mara moja. Kimimine kwenye chupa ya kioo iliyo wazi na ukiache dakika 15. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini na mstari wa mpaka huonekana. Vipande vya kahawia ni kutu ya tenki. Utelezi mweusi unaonata kwenye karatasi ya filta ni vijidudu, ambavyo huota pale maji na dizeli vinapokutana.

Sehemu inayoharibiwa mara nyingi ni oringi. Toa ya zamani yote na upitishe kidole kwenye mfereji wake kuhakikisha hakuna kipande kilichobaki. Kwenye filta za kopo, mpira wa zamani mara nyingi hung'ang'ania kwenye kichwa. Filta mpya ikifungwa juu yake kunakuwa na mipira miwili, na hapo lazima ivuje. Paka oringi mpya dizeli safi, ikae bila kujikunja, kisha rudisha springi, pete na bakuli. Kaza kwa mkono. Kwa filta ya kopo, mpira ukishagusa kichwa ongeza kati ya nusu na robo tatu ya mzunguko, isipokuwa maandishi ya kwenye filta yaseme vingine. Spana ni ya kufungulia tu. Ukikazia nayo, unapasua bakuli au kukata oringi.

Usijaze filta mpya kwa kumimina dizeli kwenye tundu la katikati. Kwa filta nyingi hilo ndilo tundu la upande wa dizeli iliyochujwa, na utakachomimina hapo huenda pampuni moja kwa moja bila kuchujwa.

Kutoa upepo

Fungua koki. Legeza skrubu ya kutolea upepo iliyo juu ya kichwa cha filta, mzunguko mmoja au miwili. Dizeli itatoka na mapovu. Ikishatoka bila povu, kaza skrubu huku dizeli ikiendelea kutiririka. Kama tenki liko chini ya filta, tumia pampu ya mkono. Kama kuna pampu ya umeme, washa swichi bila kupiga stata kwa sekunde 20 au 30, zima, urudie mara chache. Kisha fanya vivyo hivyo kwenye skrubu ya pampu ya nozeli.

Injini ya mfumo wa zamani wa pampu na nozeli za kawaida ikikataa kuwaka, legeza nati ya bomba moja kwenye nozeli kwa nusu mzunguko, funika kwa kitambaa, mtu mwingine apige stata mpaka dizeli itoke, kisha kaza. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo; ipumzishe angalau nusu dakika.

Kwenye injini ya komoni reli (mfumo wa kisasa ambao bomba moja la presha kubwa hulisha nozeli zote) usilegeze bomba lolote la presha. Presha yake huzidi bari 1,000. Kwa injini ya aina yoyote, usitafute uvujaji kwa kupapasa na mkono. Dizeli ya presha hupenya ngozi na kuacha alama ndogo kama ya sindano isiyouma sana mwanzoni. Hiyo ni dharura ya upasuaji. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo hata kama anajisikia vizuri.

Likiwaka kisha likazima

Malalamiko ya kawaida baada ya kazi hii ni kwamba injini iliwaka, ikakimbia dakika moja, ikafa. Ilitumia dizeli iliyobaki kwenye pampu, kisha ikaanza kuvuta upepo. Kama tenki liko juu, penye kasoro patadondosha dizeli na utapaona. Lakini pampu ya kuvuta ikiwa baada ya filta, upande wa injini, pale pasipokaza huingiza hewa bila kutoa tone nje, na watu hutafuta uvujaji ambao hauonekani. Fungua tena bakuli na uitazame oringi: iliyobanwa vibaya ina sehemu bapa inayong'aa au imekatwa upande mmoja. Ikiwa nzima, kagua klipu za mipira na skrubu za kutolea upepo.

Ikiwa nguvu zinarudi kisha filta mpya inaziba ndani ya saa chache, tatizo liko kwenye tenki. Mwaga dizeli yote kupitia tundu la chini, safisha tenki, badilisha mipira iliyochakaa na ufunge filta nyingine. Dawa ya kuua vijidudu pekee haitoshi, kwa kuwa mabaki yao yaliyokufa huja kuziba filta. Baada ya hapo jaza tenki jioni kazi ikiisha, ili hewa yenye unyevu isipate nafasi ya kugeuka maji usiku, na umwage bakuli baada ya saa 10 za kwanza.