Dereva aliyevunja vioo viwili

Alikuja kwangu dereva wa lori, mzee wa miaka 52. Ndani ya miezi michache alikuwa amevunja vioo viwili vya pembeni: cha kushoto kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa, cha kulia kwenye geti la depo hapa Lubumbashi. Miwani alikuwa ameshanunua mara mbili. "Dokta, macho yangu iko muzuri," aliniambia. "Barabara njo inakuwa kadogo."

Nilimketisha mbele yangu, magoti yetu karibu kugusana. Nikamwomba afunike jicho la kushoto kwa kiganja na aniangalie puani bila kuhamisha macho. Kisha nikaleta kidole polepole kutoka upande wa sikio lake la kulia. Hakukiona mpaka kilipofika mbele ya uso wangu. Tukabadilisha jicho, nikaleta kidole kutoka upande wa sikio la kushoto, ikawa vilevile. Kabla ya picha yoyote nilishajua pa kutafuta: nyuma ya pua, kwenye sakafu ya fuvu.

Sakafu ya fuvu ni ule mfupa ambao ubongo umeukalia. Una mabonde na matundu, na humo hupita jozi 12 za neva za kichwa pamoja na mishipa mikubwa ya damu. Katikati yake kuna kishimo ambacho wataalamu wa zamani walikiita kwa Kilatini sella turcica, yaani tandiko la Kituruki. Tezi ya pituitari, inayotoa homoni za kuagiza mwili, imelala humo, ndogo kama punje ya haragwe. Ubavuni mwake, kulia na kushoto, hupita ateri za karotidi, mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo. Juu yake kuna njia panda ya neva za macho, na nyuzi zinazokatizana pale ndizo zinazotuonyesha mambo ya pembeni. Uvimbe unaopanda kutoka kwenye tezi huanza kubana nyuzi hizo. Ndiyo maana mtu hupoteza pande zote mbili za nje.

Kwa nini basi yeye mwenyewe hakujua? Kwa sababu macho mawili husaidiana. Upande ambao jicho la kulia limeupoteza, jicho la kushoto bado linauona kwa sehemu kubwa, kasoro pembeni kabisa, pale penye vioo vya lori. Herufi za ukutani alizisoma vizuri. Aliyemuuzia miwani hakumdanganya. Alipima herufi, hakupima upana. Nawaomba manesi wa vituo vya afya, na wenzangu wa macho, mpime jicho moja moja kwa kidole. Kipimo hicho hakihitaji umeme wala pesa.

Si kila uvimbe wa tezi hii unahitaji kisu. Kuna aina inayomwaga prolaktini, homoni ya maziwa, kwa wingi kwenye damu. Mwanamke hukosa siku zake, maziwa humtoka bila kunyonyesha, mimba haishiki, na nyumbani maneno huanza. Nimewapokea akina mama waliotafutiwa mchawi kwa miaka, na kumbe vidonge vya kabergolini vingetosha kuupunguza uvimbe na kurudisha siku zao. Kwa hiyo damu hupimwa kwanza, halafu ndipo tunaongea upasuaji.

Uvimbe wa dereva haukuwa wa aina hiyo. Tuliingia kwa puani. Njia hii ina zaidi ya miaka 100: daktari mpasuaji Hermann Schloffer aliipita huko Innsbruck, Austria, mwaka 1907, ila yeye alilazimika kukata pua kwa nje. Sisi tunaingiza endoskopu, kamera nyembamba ya milimita 4, na usoni habaki kovu. Nyuma kabisa ya pua kuna uwazi uitwao sfenoidi. Ukishaufungua, sakafu ya tandiko inakuwa mbele yako, na kila upande mfupa umetuna kidogo pale karotidi inapopita. Hapo mimi husimama. Naangalia tena picha za IRM (MRI, zinazopigwa kwa sumaku), natafuta mstari wa katikati, ndipo natoboa. Karotidi ikipasuka, unabaki na sekunde chache tu.

Tulipofungua utando, uvimbe ulianza kutoka wenyewe, laini, wa kijivu, kama bukari (ugali) uliopungukiwa unga. Tuliukwangua na kuufyonza taratibu. Mwishowe utando wa juu ukashuka kujaza nafasi, ukaanza kudunda pamoja na moyo. Nimeuona mara nyingi, na bado kila mara chumba kizima hunyamaza.

Usiku ule kazi kubwa ilikuwa ya manesi. Tezi iliyoguswa inaweza kuacha kuagiza figo zihifadhi maji, na mgonjwa akakojoa lita juu ya lita, kiu isikatike. Mkojo ulipimwa kila saa. Puani nako tuliangalia maji. Maji meupe kama ya kisima, yanayodondoka mtu akiinama, huwa ni maji ya ubongo, na mlango yanakotokea ndio ambao vijidudu vya homa ya uti wa mgongo huingilia. Hayo hutokea pia baada ya ajali ya pikipiki, na wengi hutibiwa mafua kwa miezi. Kamasi likikauka hukakamaza leso. Maji haya huiacha laini.

Na kuna jambo linaloniuma. Miaka ya nyuma nilimpokea mama anayeuza unga soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Alikuwa amehamishia simu sikio la kushoto kwa sababu la kulia lilikuwa "limechoka". Nilisafisha nta, nikamrudisha nyumbani. Alirudi baadaye akiyumba, na uvimbe wa neva ya usikivu umeshasukuma shina la ubongo. Uvimbe huo si saratani na hukua polepole, lakini neva inayosogeza uso imeshikana nao. Tuliuondoa, mama yuko hai. Uso wake wa kulia umelegea, na jicho halifungi sawasawa. Tangu siku hiyo, sikio moja likififia bila sababu inayoonekana, naomba picha.

Asubuhi ya pili nilirudi kwa dereva. Nikafunika jicho la kushoto, nikaleta kidole kutoka pembeni. Kabla hakijafika mbali akasema, "Kile pale, Dokta." La kushoto lilichelewa, na mpaka leo halijarudi lote, kwa kuwa neva yake ilibanwa muda mrefu mno, miwani kwa miwani. Lori sasa linaendeshwa na mdogo wake. Yeye hukaa depo, anahesabu magunia, na akija kliniki hukaa kwenye kiti na kufunika jicho kabla sijamwambia.