Mizani, vina na takriri katika shairi la mapenzi

Mwanafunzi akiulizwa umbo la shairi hujibu upesi: mizani 16, vina "za" na "ni". Amehesabu, bado hajachambua. Kuchambua umbo ni kuonyesha jinsi hesabu ya silabi, mlingano wa sauti na maneno yanayorudiwa yanavyobeba hisia. Nimetunga ubeti huu uwe mfano:

Silali nikikuwaza, umeniganda moyoni,
Taa wewe kwenye kiza, waniongoza njiani,
Kukukosa kwaniliza, machozi tele machoni,
Rudi, rudi kunipoza, rudi mpenzi nyumbani.

Mizani ni idadi ya silabi katika mshororo, yaani mstari wa shairi: hapa 8 za ukwapi (kipande cha kwanza) na 8 za utao (kipande cha pili). Wengi huteleza kwenye "mpenzi". Ile "m" husimama peke yake, kwa hiyo neno lina silabi 3: m-pe-nzi. Na kwa nini "waniongoza"? Kwa sababu "unaniongoza" ingekifikisha kipande kwenye 9, na wanaarudhi, yaani washika kanuni za ushairi, wangeliita shairi guni, lenye kasoro ya umbo.

Vina ni silabi za mwisho wa vipande zinapofanana. Vya kati na vya mwisho vikibaki vilevile katika beti zote, bahari, yaani aina ya shairi, ni mtiririko. Vyote vikibadilika kila ubeti, ni ukaraguni. Majina hayo yana faida yake, lakini mimi hukawia zaidi kwenye "ni" yenyewe. Moyoni, njiani, machoni, nyumbani: yote ni mahali. Mpenzi amejaa moyoni, ni taa njiani, machoni ameacha machozi. Nyumbani tu ndiko hayuko, na ndiko kina cha mwisho kinakotua.

Takriri, yaani urudiaji wa makusudi, iko wazi katika "rudi". Mbili za kwanza zimefuatana kama za mtu anayemwita aliyekwisha kumpa kisogo. Ya tatu inafungua utao na kutaja mahali pa kurudi. Mhusika hatoi hoja wala hashtaki, anaita tu. Mshororo huo ukiwa kibwagizo, yaani ukirudiwa mwishoni mwa kila ubeti, shairi la beti 6 litakuwa na "rudi" 18.

Sasa tuseme ubeti wa mwisho unaacha kibwagizo na kufunga hivi: "Baki, baki kunipoza, baki mpenzi nyumbani." Mizani ni ileile, vina ni vilevile. Neno moja limebadilika, na msomaji anajua mpenzi amekwisha kufika.