Andrea Pirlo: yanayosemwa juu yake na yaliyotokea uwanjani

Ukimtaja Andrea Pirlo, kiungo wa zamani wa Italia, penye mashabiki wa mpira, sifa huja mfululizo: fundi, mtulivu, hakimbii, kazaliwa nacho. Nyingi ni za kweli nusu tu, na ile nusu inayoachwa ndiyo inayomfaa kijana anayetaka kucheza nafasi yake ya kiungo wa chini, mbele ya mabeki.

"Alikuwa kiungo wa chini tangu utotoni"

Hapana. Pirlo, aliyezaliwa Flero, mkoa wa Brescia, Mei 1979, alikua akicheza namba kumi, nyuma ya washambuliaji. Akiwa klabu ya Brescia alicheza mechi yake ya kwanza ya Serie A, ligi kuu ya Italia, mwaka 1995 akiwa na miaka 16 tu, na Inter ilipomsajili mwaka 1998 ilimchukua kwa nafasi hiyohiyo. Hapo ndipo alipokwama. Namba kumi wa Italia ya wakati ule alipokea mpira akiwa ameligeuzia goli mgongo, beki anamhema shingoni, na Pirlo hakuwa na mbio za kumtoka. Inter nayo ilikuwa na Roberto Baggio na Youri Djorkaeff katika eneo hilo. Akapelekwa Reggina kwa mkopo, akarudi, kisha Januari 2001 akarudishwa Brescia, pia kwa mkopo.

Brescia alimkuta Baggio tena, amehamia huko mwaka 2000. Kocha Carlo Mazzone hakuweza kuwapanga wote wawili sehemu moja, akamshusha kijana mbele ya mabeki. Badiliko linaonekana dogo, lakini lilimpa vitu viwili alivyovikosa: uwanja wote mbele ya macho yake, na nafasi ya kugusa mpira kabla hajafikiwa. Tarehe 1 Aprili 2001, ugenini kwa Juventus, alipiga pasi ndefu iliyopita juu ya safu nzima ya mabeki. Baggio akaipokea kwa mguso mmoja uliompita kipa Van der Sar, akafunga, mechi ikaisha 1-1. Atakaye kuelewa Pirlo alikuwa nani aanze na pasi hiyo.

Kwa hiyo wanaosema Carlo Ancelotti ndiye aliyembuni wanamnyima Mazzone haki yake. Kazi ya Ancelotti, kocha aliyefika Milan Novemba 2001, ambako Pirlo alikuwa amehamia, ilikuwa nyingine na ngumu vilevile: kujenga timu nzima inayomwezesha mtu huyo kucheza kila wiki. Mpangilio wake wa viungo wanne kwa umbo la almasi ulimweka Pirlo chini, Gattuso kulia, Clarence Seedorf kushoto, na Rui Costa, baadaye Kaká, juu. Mwaka 2003 ukaleta Ligi ya Mabingwa, kwa penalti dhidi ya Juventus pale Old Trafford.

"Hakuwa akikaba, alibebwa"

Hii ndiyo dhana inayorudiwa kuliko zote. Ni kweli hakuwa mtu wa kuruka miguuni mwa wapinzani; kazi hiyo ilikuwa ya Gattuso na Ambrosini, na baadaye, alipokuwa Juventus, ikawa ya Vidal na Marchisio. Lakini kiungo wa chini hakabi kwa miguu peke yake. Anakaba kwa mahali anaposimama, akifunga njia ya pasi inayokwenda kwa straika, na anakaba kwa kutopoteza mpira, maana timu yake ikiwa nao mpinzani hashambulii. Makocha wanaojaribu kumpanga "Pirlo wao" katikati ya viungo wawili wasiokimbia huona timu ikipasuliwa dakika ya ishirini, kisha lawama zinamwangukia mchezaji.

Udhaifu wake halisi ulikuwa mwingine, na Alex Ferguson, kocha wa Manchester United, aliuona. Mwaka 2010, kwenye hatua ya 16 bora ya Ligi ya Mabingwa, alimpa Park Ji-sung kazi moja tu: kumfuata Pirlo popote, hata mpira ukiwa mbali. Milan haikuwa na mtu wa pili wa kuanzisha mashambulizi kutoka chini, ikafungwa jumla ya 7-2. Ukijenga timu juu ya mchezeshaji mmoja, andaa beki wa kati anayejua kupiga pasi.

"Milan ilimwacha akiwa amekwisha"

Msimu wa 2010-11 majeraha yalimbakiza kwenye mechi 17 za ligi, na kocha Massimiliano Allegri alitaka wakabaji mbele ya mabeki, Ambrosini na Mark van Bommel, huku Pirlo akisogezwa kushoto. Mkataba ukaisha. Milan ilikuwa tayari kumpa mwaka mmoja, Juventus ikampa mitatu, akaondoka bure akiwa na miaka 32. Juventus hiyo ilikuwa imemaliza ya saba misimu miwili mfululizo. Chini ya Antonio Conte ikachukua ubingwa bila kupoteza hata mechi moja kati ya 38, na Pirlo akaondoka mwaka 2015 na mataji manne ya ligi katika misimu minne.

"Faulo zake zilikuwa kipaji tu"

Alijifunza kwa kumtazama Juninho Pernambucano wa Lyon na kurudia mazoezini. Ukuta husimama mita 9.15, goli lina kimo cha mita 2.44, kwa hiyo mpira lazima upande na kushuka ndani ya muda mfupi. Mwenyewe ameeleza kwamba mpira hugongwa kwa chini na vidole vitatu, mguu ukiwa umenyooka kadiri iwezekanavyo kisha ukalegezwa kwa mwendo mmoja. Mpira hauzunguki, hewa inausukuma huku na huku, na kipa hajui utaangukia wapi. Mguu ukikata kwa pembeni, mpira unazunguka na njia yake inasomeka. Mwili ukiegemea nyuma, unapaa juu ya mwamba.

"2006 alifunga penalti ya ubingwa"

Kwenye fainali ya Kombe la Dunia 2006, ambayo Italia ilishinda kwa penalti, ya mwisho ilikuwa ya Fabio Grosso. Pirlo alipiga ya kwanza. Wala hakuwa mchezaji bora wa mashindano: Zidane alichukua Mpira wa Dhahabu, tuzo ya mchezaji bora, Cannavaro wa Fedha, Pirlo wa Shaba. Kubwa lake lilikuwa nusu fainali dhidi ya Ujerumani, Dortmund, dakika ya 119. Mpira wa kona ulipotoka ukamkuta ukingoni mwa boksi. Badala ya kupiga, alitembea nao kuelekea kulia, mabeki wakavutwa, akaupenyeza katikati yao bila kumwangalia Grosso, naye akafunga kwa mguu wa kushoto.

Penalti ya kudokoa, yaani kuuinua mpira polepole katikati ya goli, dhidi ya Uingereza kwenye Euro 2012 nayo huitwa majivuno. Italia ilikuwa nyuma 2-1 kwenye mikwaju baada ya Montolivo kukosa, na kipa Joe Hart alikuwa akirukaruka kwenye mstari. Kipa anayewahi kujirusha huacha katikati wazi. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi.

"Ukocha ulimshinda kabisa"

Agosti 2020 alipewa Juventus akiwa hajawahi kusimamia hata mechi moja kama kocha. Alitwaa makombe mawili ya Italia, Supercoppa na Coppa Italia, akamaliza wa nne kwenye ligi. Akaachishwa kazi Mei 2021, akaenda Fatih Karagümrük ya Uturuki, kisha Sampdoria.