Rosemary si waridi la Maria
Wazazi wengi Wakristo wanaomwita binti yao Rosemary huamini maana yake ni "waridi la Maria". Sivyo. Asili yake ni Kilatini, ros marinus, yaani umande wa bahari, jina la mmea wa kiungo cha chakula unaoota wenyewe kwenye pwani za Mediterania. Waingereza waliuita rosmarine, kisha wakalivuta jina kuelekea Rose na Mary waliyoyazoea. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliuandika mmea huo Rosmarinus mwaka 1753. Hauna undugu na waridi. Ni wa ukoo wa nanaa na mrehani. Majani yake membamba kama sindano, ukiyafikicha, hunukia vizuri mno kwenye nyama ya mbuzi. Aliyeunganisha Rose na Mary makusudi, kwa heshima ya bibi wawili, hajakosea.