Jasho la kwenye bani nalo linahesabiwa

Anayelima tumbaku Urambo au Kaliua anaijua kazi ya bani, yaani banda la kukaushia tumbaku kwa moto: kuchuma majani, kuyafunga kwenye vijiti, kuamka usiku kuangalia moto, kisha kupanga madaraja. Wanawake wanaifanya kazi hiyo mwanzo hadi mwisho. Malipo yakitoka, huenda kwa mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, ambaye mara nyingi ni mume. Bati zinanunuliwa kwa jina lake, kiwanja kinaandikwa jina lake. Siku ndoa inavunjika, mke anaambiwa: "Ulikuja na begi, ondoka na begi."

Katika kutoa msaada wa kisheria hapa Tabora, hakuna maneno yanayoniuma kama hayo, kwa sababu sheria haisemi hivyo.

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na mchango unaweza kuwa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Shamba alilokuwa nalo mume kabla ya ndoa nalo linaweza kugawanywa, ikiwa mke ameliendeleza kwa kiasi kikubwa.

Wengi huja wakidhani ni nusu kwa nusu tu. Hapana. Mahakama hupima mchango wa kila mmoja, mahitaji ya watoto wadogo, na madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, ukiwemo mkopo wa pembejeo.

Kwa hiyo ushahidi ndio kila kitu. Mama mmoja alinijia na daftari la shule la mwanawe. Kurasa za nyuma alikuwa ameandika kwa penseli idadi ya tofali, tripu za mchanga na ujira wa fundi. Mume alidai kajenga peke yake. Daftari lile na maneno ya fundi vilimjibu.

Talaka ya nyumbani haigawi mali. Anzia baraza la usuluhishi wa ndoa. Likishindwa litakupa hati, nayo utaipeleka mahakama ya mwanzo. Na ukiona dalali anazungushia wateja nyumba mnayoishi, usingoje: mume haruhusiwi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa yako, na sheria inakuruhusu kuweka zuio.