Mkurugenzi hakuikimbia kampuni: dhana potofu kuhusu neno "run"

Kwa mara nyingine nimesahihisha tafsiri inayodai kwamba mkurugenzi "ameikimbia kampuni kwa miaka kumi", ilhali matini ya Kiingereza ilisema kwamba ameiongoza kwa muda wote huo. Mtafsiri aliamini, kama wengi ninaowafundisha, kwamba maana halisi ya "run" ni kukimbia na kwamba matumizi mengine yote ni mafumbo yaliyopachikwa baadaye.

Imani hiyo haina msingi. Tangu Kiingereza cha Kale, yaani kabla ya karne ya 12, neno hili lilitumika kwa miguu ya mtu na kwa maji ya mto vilevile, na ndugu yake wa Kijerumani, "rinnen", hadi leo humaanisha kutiririka wala si kukimbia. Ndiyo maana Mwingereza hulitumia kwa pua inayotoka kamasi, kwa bomba lililoachwa wazi na kwa nguo inayochuja rangi, bila kuhisi kwamba anatumia fumbo lolote. Tawi jingine la maana ni la kitu kilichotiwa mwendo, kama vile injini, programu ya kompyuta, duka au kampuni, na hapo Kiswahili kina kitenzi "kuendesha", ambacho nacho kimezaliwa na "kwenda". Tawi la tatu ni la urefu, iwe ni barabara inayofika pwani au mkataba wa miaka miwili. Anayepiga simu, pasi, picha na magoti bila kumwumiza mtu hana sababu ya kushangazwa na haya, na kwa kweli hunichosha anaposhangaa.

Kwa hiyo mimi huwakataza wanafunzi wangu kuandika "run = kukimbia" daftarini. Waandike sentensi nzima, kisha waulize ni nini kinachokwenda na nani anayekiendesha.

Wengine hutishwa na idadi. Ni kweli kwamba wahariri wa kamusi ya Oxford walihesabu maana 645 za kitenzi hiki, wakati toleo la mwaka 1989 liliipa "set" nafasi ya kwanza kwa maana 430, lakini hesabu hiyo hutenganisha vivuli vyembamba mno vya maana, na hakuna mzawa anayevikariri.

Vijineno vinavyokifuata kitenzi hiki si mapambo: "run out of" ni kuishiwa, "run over" ni kugonga kwa gari, na "run into" huweza kuwa kukutana na mtu kwa bahati.

Wala si kweli kwamba wasemaji wote wa Kiingereza hulitumia kwa namna moja. Mgombea wa Marekani hutumia "run" anapowania kiti, ilhali yule wa Uingereza, kwa desturi, husema kwamba anasimama.